Mukwe na Stika Mbili

Mimi, Chouchou, sikuomba ile kazi. Mimi niko muuza samaki ku Kashikishi, nauza chisense, ile dagaa ndogo, na samaki ya moshi, na mudomo yangu naitumikisha kwa kuuza, haiko kwa kubeba maneno ya batu bazima benye masikio mazuri. Lakini siku Félix alileta mbuzi na pagne, kitenge ya kuomba Bénie, jirani yangu Emilienne, mama ya Bénie, alikuya kusimama ku mulango yangu. Akasema: "Chouchou, wewe haiko damu yangu. Utasimama kati ya mimi na huyu mutu." Sikupata ata nafasi ya kumaliza chai yangu. Nikawa kati.

Kama haujui bukwe, nikufundishe mara moja tu, juu sipendi kurudilia. Kisha prédot, ile mali ya kwanza ya kuomba binti, kupokelewa, mama ya binti na mukwe wake habaangaliani tena usoni. Habashikani mukono, habakuli pamoja, habaitani jina, habazungumzi mudomo kwa mudomo, mpaka siku familia itamupikia na kumuingiza mu nyumba kwa desturi. Ni haya, ni heshima. Sisi ba Katanga tuko nayo, na Babemba ba hapa Nchelenge, Zambia, bako nayo pia, kwa ile hatugombani nabo. Basi Félix akikuya, Emilienne anakaa ku kiti, mugongo ku mulango, anaangalia kalandrie ya kanisa ku ukuta. Félix anachuchumaa inje ya kizingiti. Na mimi katikati. "Mama Chouchou, uambie mama namusalimia." Mimi: "Mama Bénie, anakusalimia." Emilienne, mwenye alisikia toka mara ya kwanza, anasema: "Umuambie nimesikia." Na mimi: "Amesikia." Vraiment! Ata kasuku inapewaka karanga kwa kazi ya vile.

Sasa umujue Emilienne. Ni mwanamuke mwenye ukimuchekea, anahesabu meno yako. Tulitoka naye Pweto, kule Kongo, wakati ya vita, tukauza samaki pamoja miaka mingi mbele afungue biro yake ya fotokopi na filamu hapa pembeni ya barabara. Ku soko, akinunua kitunga ya samaki, anaimwaga yote chini, ata mvua inanyesha, juu anajua batu banapangaka mizuri juu na yenye minyoo chini. Na muuzaji akishusha bei mbele ya kuombwa, Emilienne anageuka anaenda. "Bei yenye inashuka peke yake," anasemaka, "iko na kitu chini yenye inaivuta."

Mu mvua ya mwaka huu kompyuta yake ilikufa. Ilikuwa muzee: kazi ya Emilienne ni kupiga filamu za ndoa na za kwaya, na ile kupika filamu, ni kusema mashini ichanganye picha na muziki mpaka ikuwe kitu moja, ilikuwa inachukua muda mpaka bibi arusi anapata tumbo mbele ya kupata filamu yake. Kwa hiyo alipaswa kununua ingine. Na huyu Félix, mukwe wetu, kazi yake ni kuuza laptopu za okazioni, zenye batu balikwisha kutumia, ku Kashikishi.

"Nitanunua kwake," Emilienne akaniambia. Tulikuwa jikoni, Bénie anasonga bukari. "Nimuone mukono yake ku biashara. Akiniibia, namurudishia mbuzi, namurudishia pagne, na ndoa imeisha. Mutu mwenye anaiba mama mukwe, bibi atamufanya nini?"

Muiko ya Bénie ikasimama mu sufuria.

"Mama, Félix haiko mwizi."

"Sikusema eko mwizi. Nilisema nitaona."

Bénie aliangalia mimi, macho yananiomba. Nilitazama kwingine. Ule mutoto alikuwa anapenda Félix kwa kweli, ile ya kuacha kula. Na mimi nilijua Emilienne akisema nitaona, anaonaka.

Félix akaleta laptopu mbili, zote nyeusi, kompani moja, mwaka moja, mwili moja, mapacha kabisa. Kwa kuzitofautisha ulipaswa kuangalia stika ndogo pembeni ya batani: moja imeandikwa Intel Core i7, ingine AMD Ryzen 7. Ya Intel, kwacha elfu tisa. Ya AMD, elfu saba. Akazipanga ku meza, akarudi kizingiti, akachuchumaa.

"Mama Chouchou, uambie mama: kwa kazi yake, achukue ile ya elfu saba."

Niliona mugongo ya Emilienne inanyooka. Sikungoja aseme.

"Anauliza juu ya nini," nikasema.

"Uambie mama: ile kitu ndani yenye inafikiri, prosesa, iko na bichwa. Hii Intel iko na bichwa ine. Ile AMD iko na munane. Mama aone mitumbwi mbili. Moja iko na bapiga kafi ine, ingine munane. Kwa kuenda kuangalia nyavu hapa karibu, zote zinafika, na bale ine banaweza ata kutangulia. Lakini kwa kuvuka ziwa mpaka Kilwa ya Kongo na muzigo, bale munane banaacha bale ine mbali. Kuandika barua, kuprinta, ni nyavu za karibu. Kupika filamu, ni kuvuka ziwa."

Nilipenda ile maneno. Nilimupelekea Emilienne nusu tu, juu yote alisikia.

"Umuambie bapiga kafi munane banakula chakula ya batu munane. Itakunywa umeme yangu yote."

"Uambie mama hapana. Kwa umeme karibu ziko sawa."

"Umuulize kama ile ya AMD iko muzuri vile, juu ya nini iko bei chini?"

"Uambie mama ni jina. Batu hapa banajua Intel, banaiomba, bei inapanda. Haiko kusema Intel ni mubaya. Kuko Intel zingine zenye zingepita hii AMD, na kuko AMD zenye singemuuzia ata adui. Haiko kabila na kabila. Unapima mashini na mashini, unaangalia bei, unaangalia kazi yako. Kati ya hizi mbili, kwa filamu, ni ile."

Emilienne alikuwa sawa mutu mwenye anafungua mudomo ya samaki kuangalia matamvua. Kisha akasema: "Umuambie nataka nione zote zinapika filamu moja, hapa, mbele yangu." Félix akaitika, akasimama kuwasha, na pale pale umeme ikakatika. Betri za okazioni haziwezi kazi ya vile. Akaomba aache mashini zote mbili, atarudi kesho asubui.

Hakufika ata ku barabara, Emilienne aligeuka.

"Umesikia? Muuzaji gani anakukataza ile ya bei kubwa? Faida si iko pale?"

"Anakuheshimu, Yaya," nikasema, juu ni yeye mukubwa kwangu. "Anakuonea huruma."

"Huruma! Ku soko nani alikuonea huruma? Mutu akikusukuma kwa ile ya bei chini, ujue anataka iondoke ku meza yake. Ile maneno ya mitumbwi, aliisoma fasi fulani. Anaimba tu. Ungemupatia mashini bila jina, hajui kitu."

Na mimi, nikuambie ukweli, moyo yangu ilianza kuwashwa pia. Félix alikuwa anasema muzuri kupita. Kijana wa Kilwa, viatu safi, sauti laini, hakosi jibu. Mutu mwenye hakosi jibu, unajiuliza jibu alizitengeneza wakati gani.

Sasa, sisi bauza samaki tuko na desturi moja. Mutu mupya akianza kukuletea samaki, unatwaa kwa siri samaki moja yenye kuoza, unaitia mu kitunga yake. Kisha unamuita muchambue pamoja. Akiiona, akaitosha inje, akapiga kelele, "Nani ametia hii uchafu mu mali yangu!", ata akikutukana, umepata mutu, fanya naye kazi mpaka uzee. Akiiona na akaifunika na ingine, umukimbie. Mimi na Emilienne tulifukuza batu mingi kwa ile njia, na hatukujuta ata mara moja.

Emilienne akatwaa termos na wembe.

"Yaya, unafanya nini?"

"Natia samaki yangu."

Akapuliza moshi ya maji ya moto ku stika ya Intel, akaibandua polepole na wembe. Akafanya vile na ya AMD. Kisha akazibandika kinyume: Intel ikaenda ku mashini ya AMD, AMD ikaenda ku mashini ya Intel. Termos nilishika mimi, sikatai. Lakini nilimuambia: "Yaya, mukwe na muuza samaki habafanani." Akajibu: "Bakioza, bote banafanana." Akapangusa meza, akaenda kuosha mikono. Bénie alikuwa ku kisima, hakuona kitu.

Asubui umeme ilikuwako. Félix akafika, akasalimia mugongo ya Emilienne kupitia mimi, akasogea ku meza. Akawasha zote mbili. Ukumbuke: katikati ya ile nyumba, mutu mwenye anaona sura zote mbili ni mimi peke yangu.

Niliona macho yake yanaenda ku ekrani, yanashuka ku stika. Ekrani, stika. Akaenda ku ile ingine, ekrani, stika. Akaigeuza chini juu, akaangalia namba. Akapitisha kidole ku pembeni ya stika, pale ilikuwa imeinuka kidogo. Kisha akainua kichwa, akaangalia mugongo ya Emilienne, akaangalia mimi. Mimi nilitazama mabati ya juu kama yalikuwa na sinema. Jasho ilimutoka ku paji, asubui ile ya baridi.

Nilingoja apige kelele. Mungu wangu, nilimuombea apige kelele.

Hakusema kitu. Akatia filamu ya ndoa ya Blessings, muteja wa Emilienne, ile ndefu ya kanisa nzima, mu mashini zote mbili, akafinya pamoja, akarudi kizingiti, akachuchumaa. Tukangoja. Bénie akaleta maji, akaweka karibu naye, akaenda bila kusema. Ile yenye stika ya Intel, ni kusema ile ya bichwa munane ndani, ikamaliza. Ile ingine ilikuwa inahema ku nusu.

"Umuulize," Emilienne akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, ile ya hatari, "kama kuko kitu ameona."

Félix akaangalia tena kule ku meza.

"Uambie mama nimeona kazi ya mashini. Achukue hii yenye imemaliza."

"Umuulize bei."

"Elfu saba."

"Umuulize: si iko na stika ya Intel? Jana Intel ilikuwa elfu tisa."

"Uambie mama," Félix akasema, anaangalia viatu vyake, "mashini hii ni elfu saba."

Emilienne akatosha franga mu kitambaa, akanipatia, nikamupatia. Félix akabeba ile mashini ingine, akaaga, akaenda. Alitembea mbiombio, sawa mutu mwenye ameponyoka kitu.

"Umeona!" Emilienne aliruka ku kiti. "Aliona, Chouchou! Usiniambie hakuona."

"Aliona."

"Na aliifunika!"

"Yaya, angesema nini? 'Mama mukwe, umenibadilishia stika'? Mukwe akuambie vile? Ungemufukuza mbele amalize!"

"Mutu wa kweli anapata njia."

"Njia si alipata! Alikuuzia ya ndani kwa bei ya ndani. Stika ingemupatia elfu mbili zaidi na alikataa!"

Pale akakaa tena ku kiti. Lakini mashaka ya Emilienne ni magugu, unakata hapa inaota kule.

"Labda aliogopa tu. Alijua ni mutego. Chouchou, sikia: mwanaume mwenye anaona kitu imeoza, anaifunika na uso ya upole, kesho atamufunikia Bénie bibi ingine kule Kilwa. Na atamufunikia vile vile, anaangalia viatu. Mimi sina jibu ya ndoa. Namuchunga tena."

Na mimi, nilirudi kwangu nikauma kucha. Juu ile neno iliniingia. Kunyamaza ya haya na kunyamaza ya mwizi, ukibiangalia ku uso, biko sura moja. Ni nani ataniapia Félix alikuwa na ya kwanza?

Siku zikapita. Bénie alikonda. Kila akiuliza, mama yake anamujibu: "Nachunga." Emilienne alifanya kazi na mashini mupya, filamu zinatoka mbio, bateja banafurahi, ata hakushukuru mutu. Stika ya uongo ilibaki pale pale. Nilimuambia aitoshe. Akasema atafanya, lakini wembe hakuitwaa. Nafikiri ile stika ilikuwa inamuuma, na mutu hapendi kugusa fasi yenye inamuuma.

Kisha akakuya Didier. Huyu naye anauza laptopu, meza yake inaangaliana na ya Félix, na toka Félix afike ku Kashikishi, Didier anauza kidogo. Alikuya ku biro ya Emilienne kuprinta karatasi za kanisa yake, siku ya soko, nyumba imejaa batu. Nilikuwako, nangoja zamu yangu ya fotokopi. Emilienne akamuachia kiti afungue flash yake mwenyewe. Didier akafinya hapa, akafinya pale, akainama kuangalia stika. Nikaona uso yake inafunguka, sawa mutu mwenye amepata franga njiani.

"Aïe, mama! Bamekufanya nini? Hapa juu bameandika Intel, lakini ndani naona AMD! Bamebandika stika ya uongo! Nani alikuuzia?"

Kila mutu ku Kashikishi alijua nani alimuuzia.

"Ni Félix!" Didier akapaza sauti mpaka ku barabara. "Muangalie, batu! Anauzia mama mukwe wake stika! Kama yeye anamuibia vile, ninyi amewafanya nini?"

Mwandi! Ile neno ilikimbia kupita pikipiki. Batu bakatoka ku meza za soko, benye laptopu yao mu mikono, banataka bafunguliwe baone. Mutu akaenda kuita Ba Olipa, mwanamuke mukubwa wa komite ya soko, Mubemba, mukali lakini wa haki. Ku ile soko sheria iko moja: mwenye ametia mali ya uongo, meza yake inatoka, harudi. Na Mukongomani mwenye amefukuzwa kwa wizi hapa, jina yake inafika mpaka soko ya Puta mbele yake. Hakuna soko ingine itamupokea, na hakuna familia itamupatia binti. Bénie alisimama ku mashini ya fotokopi, karatasi zinamuanguka moja moja.

Bakamuleta Félix. Bijana babili balimushika mashati. Alipofika ku mulango na kuona Emilienne ndani, unajua alifanya nini? Akachuchumaa. Batu banamuita mwizi, shati imepasuka ku bega, na yeye anachuchumaa ku kizingiti, macho chini. Na Emilienne naye, mwili tu kwa mazoea, alikuwa amekwisha kugeuka ku ukuta, anaangalia kalandrie.

"Talaleni!" Ba Olipa akasema, na batu bakanyamaza. "Félix, simama, tunazungumza na wewe."

Félix hakusimama.

"Basi jibu chini vile vile. Hii mashini ilitoka kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii stika?"

Niliona macho yake. Yalikwenda ku stika, yakaenda ku mugongo ya Emilienne, yakarudi chini. Neno moja tu na alikuwa ameokoka. Batu bale bote, na neno moja. Emilienne asingeweza kukataa, termos iko pale ku kabati.

"Mashini ilitoka kwangu," Félix akasema. "Kosa ni yangu."

"Umesikia!" Didier akapiga makofi.

"Félix!" Bénie akalia. "Félix, sema!"

Mimi damu ilinipanda. Kunyamaza ya haya na kunyamaza ya mwizi, siku ile nilibiona tofauti, na nilisikia aibu mpaka mu mifupa. Nikafungua mudomo. Mimi ndio kati, si ndio kazi yangu? Nikasema: "Ba Olipa, ungoje, mimi nitakuambia..."

"Chouchou, nyamaza," Emilienne akasema.

Na akageuka.

Haukuona ile kitu, hauwezi kujua. Bamama ba Kibemba benye balikuwa ku mulango balifunika macho yabo, moja wabo akasema "Iyee!" Emilienne alisukuma kiti, akatembea mpaka ku kizingiti, akasimama mbele ya mukwe wake, akamuangalia usoni, na akamuita jina. Toka mbuzi iingie mu kiwanja yake, hakuwahi kutaja ile jina, ata mu maombi anasema "ule mutu".

"Félix. Angalia huku."

Félix alifunga macho.

"Ba Olipa, batu bote, musikie. Ile stika nilibandika mimi. Na mukono yangu hii, na maji ya moto. Nilimutilia samaki ya kuoza mu kitunga yake nione kama eko mutu. Yeye aliona siku ileile. Hakunisema. Aliniuzia mashini muzuri kwa bei ya haki, na nikasema anaficha kitu." Akaonyesha Félix na kidole. "Alikuwa anaficha mimi. Mwizi wa hapa ni mimi. Mutoshe meza yangu, muache yake."

Didier alianza kukusanya karatasi zake polepole. Ba Olipa akatikisa kichwa, akasema mu Kibemba kwamba kwa kumuangalia mukwe usoni mbele siku ya desturi ifike, Emilienne atalipa kuku, na kwa ile ya stika, Mungu atalipisha mwenyewe. Kisha akafukuza batu ku mulango.

Tukabaki ine. Bénie alikuwa analia juu ya karatasi. Emilienne alisimama pale, mikono imeanguka, hajui airudishe mugongo ao hapana. Na Félix alikuwa bado chini, macho bado amefunga, shati imepasuka.

"Mama Chouchou," akasema.

"Niko, mwana."

"Uambie mama sikusikia kitu."

Nikafungua mudomo nimupelekee, kama kila siku. Emilienne akaweka mukono ku bega yangu.

"Acha, Chouchou," akasema. "Nimemusikia."